Mgombea Akitaja Afya, Muulize Bei

Tarehe 20 Oktoba 2023 sherehe za Mashujaa ziliandaliwa Kericho, na Rais William Ruto akaitumia siku hiyo kuzindua mpango wa afya kwa wote. Siku moja kabla, alikuwa ametia saini miswada minne ya afya, ukiwamo ule ulioizika NHIF, bima ya afya ya zamani, na kuizaa SHA, mamlaka iliyochukua nafasi yake. Kwa hiyo sisi wa nchi ya majani chai tuna haki ya kudai maelezo zaidi ya wengine. Bidhaa ilifunguliwa mbele ya macho yetu, na tulipiga makofi kabla hatujasoma bei.

Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027, lakini huku kwetu mwanasiasa hangoji kipenga. Utamkuta matangani, utamkuta kanisani kwenye harambee, utamkuta asubuhi kwenye kituo cha kununulia majani akisalimia akina mama wenye vikapu mgongoni. Kila mmoja ana neno juu ya afya: hospitali mpya, ambulansi, dawa za bure, bima kwa wazee. Nimejizoeza kuwasikiliza kama ninavyomsikiliza mchuuzi wa soko la Litein. Anauza nini? Ni bei gani? Na je, mali anayoiuza ni yake?

Tuanze na mchango, maana ndio unaotoka mfukoni kila mtu.

Chukua watu wawili wanaoishi upande huu na ule wa barabara moja. Wa kwanza ameajiriwa kwenye shamba kubwa la kampuni, na tuseme mshahara wake ni shilingi 15,000 kwa mwezi. Enzi za NHIF alikatwa 600. SHA inachukua asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato mengine, yaani shilingi 412 na senti 50. Huyu amepata nafuu ya shilingi 2,250 kwa mwaka, na kelele zote za bungeni kuhusu SHA kuwa mzigo hazimhusu. Mwalimu wa 50,000 amepanda kutoka 1,200 hadi 1,375. Meneja wa 100,000 ameruka kutoka 1,700 hadi 2,750, naye ndiye aliyepiga kelele redioni. Mtu wa mshahara mdogo amepunguziwa, wa mshahara mkubwa ameongezewa. Ukisikia mgombea akisema SHA imemwumiza kila mtu, jua ama hajapiga hesabu au amepiga ya kwake peke yake.

Mtu wa pili ana ekari moja na nusu ya chai na anapeleka majani kiwanda cha KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo. Chini ya NHIF alilipa 500 kwa mwezi, 6,000 kwa mwaka, na mwezi ukiwa mbaya aliruka, akalipa faini baadaye. SHA inamwambia kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, 3,600 kwa mwaka. Kwenye karatasi ameokoa 2,400. Ila hapo pana mambo mawili.

La kwanza, 300 ni sakafu tu. Kiasi chake halisi hutoka kwenye maswali anayojibu wakati wa kutathminiwa: nyumba ya namna gani, paa la nini, maji yanatoka wapi, mifugo mingapi. Mtu mwenye ng'ombe watatu na nyumba ya mabati anaweza kuonekana tajiri mbele ya mashine, ingawa ng'ombe hao ni karo ya mtoto wa sekondari. Yajibu maswali hayo mwenyewe, kwa ukweli, wala usimwachie kijana wa saiba akujazie kwa kukisia. Nimeona majirani wenye mashamba yanayolingana wakitajiwa viwango tofauti, kwa sababu mmoja wao alijaziwa na mtu mwenye haraka.

La pili ndilo kubwa. Mwajiriwa hukatwa kidogo kidogo. Mkulima anatakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Malipo ya chai ya kila mwezi huisha dukani, na pesa ya maana ni ile ya bonasi, inayokuja mara moja kwa mwaka, kwa kawaida mwezi Oktoba. Na bonasi ya viwanda vya magharibi ya Bonde la Ufa huwa ndogo kuliko ya wenzetu wa Mlima Kenya, jambo linaloleta kelele kila mwaka. Mtoto akiugua mwezi Mei, 3,600 haipatikani, hata kama mwenyewe anapata zaidi ya hiyo mara nyingi kwa mwaka. Serikali ilileta mpango wa Lipa SHA Pole Pole ili mtu alipiwe mwaka kwa mkopo kisha arudishe kwa mafungu. Ni afadhali kuliko kukaa bila bima, lakini mkopo ni mkopo. Soma masharti yake kama unavyosoma ya mkopo wa mbolea.

Hapo ndipo swali langu la kwanza kwa mgombea yeyote linapozaliwa. Viwanda vya KTDA tayari hukata mbolea kwenye malipo ya mkulima. Mbona hakuna anayesimama kupigania mkulima aruhusiwe, kwa hiari yake, kukatwa mchango wa SHA kila mwezi kupitia kiwanda, kama mwajiriwa anavyokatwa? Haihitaji jengo wala sherehe ya kukata utepe. Labda ndiyo sababu siisikii kwenye majukwaa.

Sasa tazama unachonunua. Kwenye zahanati na kituo cha afya, ngazi ya 2 na ya 3, hutakiwi kuwa umelipa mchango, unatakiwa tu uwe umejiandikisha. Kujiandikisha ni bure, kwa simu ukipiga *147#. Kuanzia ngazi ya 4 kwenda juu ndipo mchango unapoulizwa. Kwa jedwali la bei ambalo SHA ilianza nalo, kitanda cha ngazi ya 4 hulipiwa shilingi 3,360 kwa siku, ngazi ya 5 ni 3,920, ngazi ya 6 ni 4,480. Kujifungua kwa kawaida ni 10,000, kwa upasuaji 30,000. Kusafishwa figo ni 10,650 kwa kila kikao.

Weka namba hizo kando ya ile 3,600. Mchango wa chini wa mwaka mzima, wa kaya nzima, ni sawa na usiku mmoja wa ngazi ya 4 na chenji ya chai na mandazi. Upasuaji mmoja wa uzazi ni zaidi ya michango ya miaka minane. Mgonjwa wa figo anayesafishwa mara mbili kwa wiki hutumia shilingi 21,300 kila wiki, na mwaka ukiisha ni zaidi ya milioni moja na laki moja. Hakuna shamba la ekari moja na nusu linaloweza kubeba hesabu hiyo, hata ukiuza na majani ya mwakani. Kwa hiyo neno langu kuhusu SHA ni fupi: ina kasoro nyingi, na hospitali nyingi zimelia kwamba inachelewa kuzilipa, lakini kwa bei ya chini hakuna bima nyingine utakayopata inayoikaribia. Anayekushauri usilipe kwa sababu anamchukia aliyeianzisha anatumia afya yako kumkomoa mtu mwingine.

Kuna tahadhari moja. Namba za jedwali ni pesa ambazo SHA huilipa hospitali. Haimaanishi hospitali nayo inatoza hizo hizo. Ukienda mahali ambapo bei ni kubwa kuliko jedwali, tofauti ni yako. Kabla hujalazwa, uliza mambo matatu dirishani: hospitali hii imesajiliwa ngazi gani, SHA italipa kiasi gani kwa tatizo hili, na mimi nitaongeza kiasi gani. Wakisema watajua baadaye, waombe waandike makadirio. Karani atakunja uso. Muache akunje.

Tupande matatu sasa, Kericho mjini, tuelekee Sotik. Barabara hii moja ina karibu kila aina ya hospitali ambayo Mkenya wa mashambani anaweza kuchagua, na ukiijua utaokoa pesa.

Kericho mjini kuna hospitali ya rufaa ya kaunti, na kuna za binafsi kama Siloam. Tofauti ya kawaida kati ya hizo mbili kila mtu anaijua: ya kaunti ni nafuu na ina foleni, ya binafsi ni haraka na bili yake inatembea haraka vilevile. Kinachosahaulika ni gharama ya pembeni. Ukipewa karatasi ya dawa ukanunue mtaani kwa sababu dirisha la dawa limekauka, ukaambiwa kipimo hiki kafanye kwa binafsi, ile nafuu inayeyuka. Jumlisha safari, dawa ya nje, kipimo cha nje na siku za kazi zilizopotea za yule anayemlinda mgonjwa, kisha ndipo ulinganishe. Mara nyingi ya kaunti bado inashinda, ila kwa umbali mdogo kuliko unavyodhani.

Ndani ya mashamba makubwa kuna mfumo mwingine, wa kampuni. Zahanati iko karibu na nyumba za wafanyakazi, na hospitali kubwa ya kampuni iko Kericho, urithi wa enzi za Brooke Bond na baadaye Unilever. Mfanyakazi aliyezaliwa kwenye nyumba za kampuni anaweza kufika miaka hamsini bila kujua daktari anatoza nini. Lakini mashamba yenyewe yamekuwa yakibadilisha mikono. Unilever iliuza biashara yake ya chai mwaka 2022, ikawa Lipton, na mashamba ya Kenya yakaishia kwa Browns ya Sri Lanka, ambayo mwaka 2023 ilikuwa imekwisha nunua yale ya James Finlay pia. Wakati huohuo mashine za kuchuma chai zimepunguza mikono inayohitajika. Mchumaji akipoteza kazi hupoteza kwa siku moja mshahara, nyumba na zahanati. Anarudi nyumbani Ainamoi au Konoin akiwa mtu wa sekta isiyo rasmi, anayetakiwa kulipa SHA mwaka mzima kwa mkupuo, wakati ndiyo kwanza amekosa kazi. Sijasikia mgombea hata mmoja akisema huyu atabebwa na nani katika mwaka huo wa kwanza.

Tunapita Chemosit. Litein kuna hospitali ya kanisa la AIC. Kapkatet kuna hospitali ya kaunti, iliyo karibu zaidi kwa watu wa Bureti kuliko Kericho mjini. Kaplong kuna hospitali ya misheni ya Wakatoliki. Tazama jinsi zilivyopangana: mtu wa Bureti au Sotik ana misheni mbili na ya kaunti moja ndani ya mwendo mfupi. Misheni hutoza zaidi ya serikali na kidogo kuliko binafsi, na kwa uzoefu wangu dawa huwapo. Sitaki kuzipamba. Nazo zimewahi kulalamikiwa kwa bili, na kuna familia zilizoacha hati ya shamba kama dhamana ili mgonjwa au maiti itoke, kwenye hospitali za aina zote. Jambo hilo la kuzuia watu nalo lina sheria. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumfungia mgonjwa hospitalini kwa sababu ya deni ni kinyume cha haki zake. Hospitali inaweza kukudai kama mdai mwingine yeyote. Kukugeuza mfungwa haiwezi.

Ukikata kushoto Kaplong, unapita Silibwet, na karibu na Bomet mjini unaingia Tenwek. Hapa nitakaa kidogo.

Tenwek ilianzishwa mwaka 1937 na wamisionari, na kwa miaka mingi iliendeshwa na wauguzi tu hadi daktari wa kwanza, Ernest Steury, alipofika mwaka 1959. Iko juu ya maporomoko ya mto Nyangores, na mwaka 1987 ilianza kutengeneza umeme wake kutokana na maji hayo, jambo ambalo hospitali nyingi za serikali zinaweza kulionea wivu usiku stima zikipotea katikati ya upasuaji. Leo ina vitanda zaidi ya 300, inafundisha madaktari wa upasuaji, na inapasua moyo, jambo ambalo hapo zamani lilimpeleka mtu Nairobi au India.

Kwa watu wetu, hata hivyo, Tenwek inajulikana zaidi kwa saratani ya umio. Ukanda huu wa Bonde la Ufa kusini una wagonjwa wengi wa ugonjwa huo, wengine vijana wa kushangaza, na madaktari wa Tenwek wameandika juu yao kwa miaka. Visababishi bado vinachunguzwa, na mursik (maziwa yetu ya kuchachua), chai ya moto sana na pombe vimetajwa vyote katika uchunguzi huo. Mgonjwa aliyefika akiwa hawezi kumeza hata maji huwekewa kimrija cha kupanua umio ili ale tena. Hiyo ni nafuu, si uponyaji, na ndiyo tofauti ya gharama ninayotaka uishike. Anayefika chakula kikianza tu kukwama ana uchaguzi: kipimo cha kuingiza kamera kooni, upasuaji, dawa. Anayefika baada ya miezi sita ya kumeza dawa za asidi za dukani hana uchaguzi mwingi, na matibabu yake huenda yakahitaji mionzi, yaani safari za Nakuru, Eldoret au Nairobi, na kulala huko. Safari ya kwanza ya mapema ndiyo rahisi kuliko zote, ingawa siku ile utaiona ghali.

Mbele ya Bomet, upande wa barabara ya Narok, kuna Longisa, hospitali ya rufaa ya kaunti. Kwa mambo ya kawaida, uzazi, homa kali ya mtoto, mfupa uliovunjika, Longisa kwa mwenye SHA ndiyo chaguo la akili, na foleni ya Tenwek iachiwe wanaoihitaji Tenwek.

Usiku ni biashara nyingine kabisa. Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Jedwali la Nne la Katiba hiyohiyo linazipa kaunti huduma za ambulansi. Tarehe 30 Juni 2023, lori lilipowaparamia watu pale Londiani na zaidi ya watu 50 wakafa, sote tuliona maana ya kuwa na magari, damu na chumba cha upasuaji kilicho tayari. Lakini dharura nyingi hazina kamera. Miaka miwili iliyopita nilimpeleka shangazi yangu aliyekuwa akihema kwa shida, saa nane usiku. Kwenye kituo cha kwanza ambulansi ilikuwapo, imeegeshwa chini ya taa, imeoshwa. Dereva pia alikuwapo. Mafuta ndiyo hayakuwapo. Tulikodi gari la jirani kwa bei ya usiku, na bei ya usiku ya jirani mwema ni karibu mchango wa SHA wa mwaka. Shangazi alipona. Tangu siku hiyo, mgombea akiahidi kununua ambulansi, mimi husubiri kusikia nani atanunua mafuta.

Hapo tunafika kwa wanasiasa wenyewe, na Bomet imetufundisha mengi kuliko kaunti nyingi.

Gavana wa kwanza, Isaac Ruto, alikuwa pia mwenyekiti wa kwanza wa Baraza la Magavana. Msimamo wake ulijulikana nchi nzima kwa jina la Pesa Mashinani: alitaka kura ya maoni ili kaunti zipate asilimia 45 ya mapato, kwa hoja kwamba huduma kama afya ziliteremshwa bila pesa zake. Mwaka 2015 serikali kuu ilipokodisha mitambo kwa hospitali 98, mbili kila kaunti na nne za kitaifa, kwa mkataba wa shilingi bilioni 38, Ruto alikuwa miongoni mwa magavana waliokataa kutia saini mwanzoni, akiuliza kaunti inalipia nini hasa. Alionekana mkaidi. Watu walitaka mashine. Lakini kila kaunti ilikatwa kiasi kilekile, iwe na madaktari wa kuitumia mitambo hiyo au isiwe nao, na kilichoanza kama milioni 95 kwa mwaka kikafika milioni 200. Mwaka 2020 kamati ya Seneti iliuchambua mkataba huo kwa maneno makali sana. Simpendi wala simchukii Isaac Ruto, ila swali lake lilikuwa swali la mnunuzi mzuri: nionyesheni risiti kabla sijalipa.

Mwaka 2017 Joyce Laboso alimshinda, akawa mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana Kenya. Miaka miwili baadaye, tarehe 29 Julai 2019, alifariki kwa saratani jijini Nairobi baada ya kutibiwa Uingereza na India. Siku tatu kabla yake saratani ilikuwa imemchukua mbunge Ken Okoth. Nakumbuka jinsi kijiji kizima kilivyonyamaza. Kama gavana alilazimika kuvuka bahari mara mbili kutafuta tiba, mchumaji wa Konoin atavuka nini? Hillary Barchok alichukua usukani, na wagombea wote waliofuata wamelitaja neno saratani. Kulitaja ni bure.

Kericho nako bunge la kaunti limepiga kura mara mbili kumng'oa Gavana Erick Mutai, Oktoba 2024 na Agosti 2025, na mara zote mbili akanusurika Seneti. Kila upande ulikuwa na mawakili wazuri. Dirisha la dawa halikuwa na wakili.

Turudi kwenye swali la mchuuzi: mali ni yake? Hapa wapiga kura huuziwa mbuzi kwenye gunia. Zahanati, hospitali za kaunti, wauguzi wake, dawa na ambulansi ni kazi ya gavana, na diwani ndiye anayepitisha bajeti yake. Mbunge akikuahidi kujenga zahanati kwa pesa za CDF, hazina ya maendeleo ya jimbo lake, anauza shamba la mwenyewe mwingine. Sheria ya hazina hiyo ya mwaka 2015 inamfunga kwenye kazi za serikali kuu, kama madarasa. Mbunge muulize kuhusu SHA: kama atapigania mkulima alipe kwa miezi, na kama serikali italipa madeni yake ya hospitali kwa wakati. Seneta muulize mgao wa kaunti unafika lini, kwa sababu mgao ukichelewa, kaunti haiwezi kulipa deni lake kwa KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa, na dawa hazitumwi. Anayetaka ugavana muulize jambo moja kavu: sheria ya mwaka 2023 inaruhusu hospitali kubaki na pesa inazokusanya zenyewe ili zinunue dawa na mafuta. Je, ataziacha huko, au atazivuta makao makuu? Jibu lake litakuambia zaidi kuliko picha ya jengo la ghorofa nne kwenye bango.

Muulize pia kuhusu watu. Mwaka 2024 madaktari waligoma kwa siku 56, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei. Kwa siku hizo zote bei ya hospitali ya umma ilikuwa sawa na ya binafsi, kwa sababu ya umma haikuwa na daktari. Na kwa zaidi ya miaka ishirini watu wa Kericho wanaoishi na virusi vya Ukimwi wamepata dawa bila kulipa kupitia mradi wa Walter Reed na pesa za Marekani. Januari 2025 Washington iliposimamisha misaada, watu walianza kuhesabu vidonge vilivyobaki kwenye kopo. Dawa hizo hazikuwahi kuonekana kwenye bili zetu, kwa hiyo hakuna mgombea aliyewahi kuulizwa atazilipaje. Sasa aulizwe.

Nimewaacha wazee mwisho, kama tunavyofanya wote.

Mtu husema, mimi nimelipa SHA, nyumba yangu iko salama. Tazama tena maana ya kaya: ni wewe, mwenzi wako na watoto wanaokutegemea. Kogo, yaani bibi, wa miaka 75 anayekaa nyuma ya nyumba yako hayumo. Yeye ni kaya yake mwenyewe, na lazima awe na mchango wake. Kama yumo kwenye Inua Jamii, mpango wa serikali wa pesa za wazee, anapata shilingi 2,000 kwa mwezi, zikija kwa wakati. Kwa mwaka ni 24,000, na mchango wa chini wa SHA unamega asilimia 15 ya hizo. Serikali imesema itawalipia walio maskini kabisa, basi nenda kwa chifu ukahakikishe kama jina lake liko kwenye orodha hiyo. Usikisie.

Matunzo ya kila siku ya mzee huyo hayamo kwenye jedwali lolote. Mara nyingi ni binti au mke wa mwana aliyeacha kuchuma chai ili ambebe, amwogeshe, amkumbushe kidonge cha presha. Mwenye uwezo huajiri msichana wa kazi. Anayesaidia kutoka nje ni mhamasishaji wa afya wa kijiji, yule mwenye begi na simu, anayepima presha na sukari mlangoni. Posho yake ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti, na nusu ya kaunti ndiyo ya kumuulizia gavana wako. Kwa pesa hizo, nadhani hakuna matumizi mengine ya afya katika kaunti hizi mbili yanayorudisha thamani zaidi. Kiharusi kimoja kilichozuiwa kwa kipimo cha mlangoni kinaokoa vitanda, safari, na binti mmoja anarudi shambani. Mgombea anayeahidi hospitali mpya ya mabilioni na hamtaji mhamasishaji huyu, mimi namhesabu kuwa hajawahi kumlaza mzazi.

Kwa mwenye pesa kidogo, basi, mimi ningepanga hivi. Homa, kikohozi, chanjo na kliniki ya wajawazito, zahanati ya karibu. Uzazi na kulazwa kwa kawaida, Longisa, Kapkatet au Kericho, SHA ikiwa imelipwa. Chakula kikikwama kooni zaidi ya wiki mbili, usipite dukani, nenda Tenwek. Binafsi, pale tu unapojua bei kwa maandishi. Na bonasi ya Oktoba ikiingia, kabla ya mabati na kabla ya sherehe, lipia kogo SHA kwanza, kisha ulipe yako.